Usiingie Baada ya Mtu Mnene

Uvumi wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, na Inspekta aliusikia akinawa mikono kwenye choo cha wanawake. Wanawake wawili walikuwa kwenye sinki la hospitali, mmoja anasuuza nguo ya mtoto, mwingine amembeba wa kwake mgongoni.

"Ukifika pale dharura, angalia nani ameingia kabla yako," alisema wa nguo. "Ukiona ni mtu mnene, rudi nyuma. Jifanye umesahau kadi. Mwache mwingine atangulie."

"Kwani mnene ana nini?"

"Sijui ana nini. Ninachojua, mtoto anayeingia baada ya mtu mnene hatoki mzima. Yule wa juzi si alimfuata yule baba wa tumbo? Muulize yeyote kwenye foleni."

Inspekta alifunga bomba, akajifutia mikono kwenye suruali, akatoka anacheka. Kituoni walimwita Kibano kwa sababu akishika haachii, na mtu wa namna hiyo hana muda wa maneno ya chooni. Alipita mbele ya chumba cha dharura. Akaona foleni. Mwanamume mmoja mkubwa, shati limemkaza, aliitwa jina akaingia, na mama aliyekuwa nyuma yake akainuka na mtoto wake, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi. Hakuna aliyemshangaa. Aliyefuata naye akajikuna, akatazama pembeni, akakataa kusogea.

Mpaka Inspekta anafika kwenye gari, kicheko kilikuwa kimeisha, na yale maneno yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesi ilikuwa hivi. Mtoto wa kike, mdogo, hajajua hata kufunga kiatu, aliletwa na degedege. Akatundikiwa dripu ya dawa ya kumtuliza. Akatulia, na hakuamka tena. Maabara walipima kilichobaki kwenye mfuko wakasema dozi ilikuwa ya mtu mzima, tena mtu mzima mkubwa. Aliyetundika ni nesi mmoja ambaye hospitali nzima ilimwita Sista. Sista alikuwa mahabusu, na kesho yake alikuwa apandishwe kizimbani kwa kosa la kuua. Mwendesha mashtaka alishamwambia Inspekta, kama una kingine kilete leo, kama huna funga jalada tukale.

Inspekta alianzia mahabusu.

"Ulimpima mtoto?"

"Hapana."

"Sema kwa sauti."

"Sikumpima, Afande." Sista alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake haikujua ikae wapi bila kazi. "Mizani ya watoto ilikuwa imeazimwa wodi ya wazazi. Mtoto anatikisika, povu linatoka. Nikaandika jina kwenye kompyuta, nikaandika umri, nikachagua dawa. Sehemu ya uzito nikaiacha."

"Ukaiacha wazi."

"Tunaiacha. Manesi wote. Ukiiacha, mashine inagoma, inakuandikia kwa nyekundu kwamba uzito haujajazwa. Hapo unamtuma mtu akalete mizani wakati wewe unatafuta mshipa. Ndivyo tunavyofanya kazi miaka yote, Afande. Unajaza ulichonacho, mashine inakupigia kelele kwa kilichobaki."

"Kwa hiyo na akili yako mliiazimisha wodi ya wazazi pamoja na mizani."

Sista alitazama viganja vyake.

"Siku ile ilipiga kelele?"

"Haikupiga. Ilitoa namba. Nikasema labda aliyempokea mlangoni ameshampima. Nikaifuata namba."

"Una macho. Nesi wa umri wako hajui dozi ya mtoto kwa kuitazama?"

"Naijua. Nilikuwa natazama mshipa."

"Mama yake alikuwa wapi?"

"Amemshika miguu."

"Anasema nini?"

Sista alifumba macho. "Alikuwa ananishukuru."

Inspekta aliandika hata hilo. Hakuwa na haja nalo, lakini aliliandika polepole, ili yule mwanamke aisikie kalamu.

"Hiyo mashine aliitengeneza nani?"

"Mdogo wangu. Wanamwita Upepo, kwa wepesi wake." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Mama yetu alikufa yeye akiwa mdogo, nimemlea mimi. Hata kazi hapa aliipata kwa maneno yangu. Mashine ya zamani ilikuwa ya kweli ila nzito, unabonyeza halafu unasubiri na mgonjwa anakufia mkononi. Mimi ndiye niliyemwambia, mdogo wangu, hebu ifanye nyepesi."

"Ukaipata nyepesi," alisema Inspekta, akagonga mlango afunguliwe.

Upepo alifanyia kazi chumba cha nyuma ya maabara, chenye feni ya mezani na nyaya zilizofungwa vizuri kwa utepe. Alimfutia Inspekta kiti kwa mkono wa shati lake. Kijana mwembamba, adabu nyingi, macho hayakai mahali pamoja.

"Pole kwa ya dada yako."

"Ahsante, Afande. Nyumbani hatulali."

"Nieleze hii mashine. Nieleze kama unamweleza mtu aliyeishia darasa la saba."

Alicheka kidogo, kisha akaona Inspekta hacheki.

"Ya zamani ilikuwa programu ya kupewa amri," alisema. "Nesi anabonyeza, programu inazaliwa. Inasoma orodha nzima ya dawa, inachukua uzito, inakokotoa, inatoa jibu, inakufa. Akija mgonjwa mwingine, inazaliwa tena, inasoma dawa zile zile tena, inakufa tena. Watu wakijaa pale dharura, kompyuta kubwa inahema."

"Ukafanya nini?"

"Niliutoa ubongo wake nikauweka peke yake. Sisi tunaita maktaba. Si ya vitabu. Ni kazi iliyokaa tayari, programu nyingine yoyote inaweza kuja kuazima. Ya dharura inaazima, ya wodini inaazima, ya duka la dawa inaazima. Inaamka mara moja asubuhi, inasoma dawa mara moja, halafu inabaki macho kutwa nzima. Ukibonyeza, kabla hujatoa kidole jibu limeshafika."

"Haifi tena kila mgonjwa."

"Haifi."

"Walikusifu?"

"Walinipigia makofi kwenye mkutano, wamesimama." Aliitazama kibodi. "Dada alikuwa amekaa mbele."

"Nionyeshe. Niwekee mtoto asiye na uzito."

Vidole vilikimbia. Aliandika mgonjwa wa kubuni, mwanamume, kilo mia na kumi, na jibu likatoka pale pale. Akaandika mtoto wa miaka miwili, sehemu ya uzito akaipita, akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu: UZITO HAUJAJAZWA.

Upepo akaegemea kiti. "Umeona, Afande? Inagoma. Sipendi kusema lolote juu ya dada, lakini pengine aliandika uzito wa kubahatisha. Siku zile alikuwa amechoka sana." Alilisema kwa huzuni iliyopigwa pasi, haina hata kunyanzi moja.

"Unasema dada yako kaua."

"Nasema mashine haijaua."

"Na imekuwa ikigoma hivi tangu uibadilishe?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nani mwingine anaiazima hii maktaba yako, nje ya hapa?"

"Hakuna. Ni hospitali tu."

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Akamshikia na mlango.

Basi uvumi ulikuwa umekufa. Mnene aliingia, mtoto akaingia nyuma yake, na mashine ikafanya kazi yake. Inspekta alishuka ngazi akijiambia jambo limekwisha, nesi kaua kwa uzembe, twende kwa mwendesha mashtaka. Kati ya ghorofa na ghorofa akasimama. Mtu aliyekuwa nyuma yake na ndoo ya maji karibu amgonge.

"Mama, unasimama ngazini kama gari bovu!"

"Pita."

Yeye alisema *niwekee mtoto*. Hakusema kitu kingine. Ule uvumi hakumtajia mtu yeyote ndani ya jengo lile. Sasa kwa nini kijana ameanza na mtu mzima? Tena mtu mzima wa kilo mia na kumi? Mtu ukimwambia akuonyeshe kama mlango wake unafungika, anaufunga. Huyu alimchukua kwa mkono mpaka kwenye kona moja ya nyumba, akamwonyesha ukuta: tazama, hapa hapana tundu.

Anayekuonyesha hapana tundu anajua lilikuwa wapi.

Hakurudi juu. Alikwenda kwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, mtu wa tai na kikombe kikubwa cha chai, akampa kitu ambacho wakubwa hawakikatai.

"Nimeona kazi yenu. Kwa kweli inakwenda haraka."

"Haraka?" Mkuu alitua kikombe. "Afande, hiyo inatamaniwa. Zahanati ya ng'ambo ya barabara walikuja wenyewe kuiomba. Tukawapa nakala. Uzuri wa maktaba ndio huo, unaitengeneza mara moja, anakula nayo kila mtu."

"Mliwapa lini?"

"Kabla ya huu msiba. Wiki ile ile tuliyopigiwa makofi."

"Upepo anajua?"

"Alikwenda kuiweka yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

Inspekta aliipitisha kalamu kwenye karatasi bila kuandika neno. "Na hapa mkirekebisha kitu, kule kinajirekebisha?"

"Hapana. Nakala ni nakala. Tunawapelekea mpya, pamoja na maelezo ya nini kimebadilika na kwa sababu gani. Nasaini mimi."

"Mmewapelekea mpya?"

"Kwa nini? Hakuna kilichobadilika." Mkuu alishusha sauti. "Afande, tuongee kiutu uzima. Yule nesi afungwe mambo yaishe. Watu wakianza kusema mfumo, watauogopa mfumo, na kuurudisha wa zamani ni kazi. Nesi tunapata mwingine."

"Na mtoto?"

"Wa nani?"

Ndivyo alivyouliza. Nyie mnaosoma, mwenye mtoto asikie.

Zahanati ilikuwa nyumba ndogo yenye kompyuta moja kwenye meza ya tabibu. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi za nje. Tabibu alikuwa kijana mnene wa mashavu, kalamu sikioni, hana subira.

"Afande, nina foleni. Ukaguzi njoo jioni."

"Niandikie mgonjwa wa uongo. Mwanamume, kilo mia na kumi. Dawa ya degedege."

"Afande..."

"Andika, au hiyo foleni nitaitawanya."

Aliandika. Namba ikatoka.

"Sasa mtoto wa miaka miwili, dawa hiyo hiyo. Uzito usijaze."

"Itagoma. Huwa tunaiachia igome ndipo tunapima."

"Ndiyo. Iachie."

Tabibu akabonyeza. Hapakuwa na nyekundu. Ilitoka namba, kimya, safi, na ilikuwa ile ile ya yule mwanamume.

Tabibu aliichukua kalamu sikioni, akairudisha. "Hii ni nini?"

"Andika mwanamke, kilo hamsini. Halafu mtoto yule yule."

Mara hii mtoto alipewa namba ya yule mwanamke.

"Izime. Iwashe upya. Muweke mtoto kwanza, peke yake."

Tabibu alitii, vidole vimeanza kuteleza. Mashine iliamka, na skrini ikawa nyekundu: UZITO HAUJAJAZWA.

Inspekta alisimama mbele ya ile nyekundu, akaona jambo zima limejipanga. Ndani ya programu kuna kijisanduku cha kuwekea uzito. Ile ya zamani ilikuwa ikifa baada ya kila mgonjwa, na kisanduku kinakufa nayo, anayekuja anakikuta kitupu. Hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kukifuta. Upepo alipoifanya ibaki macho, kisanduku nacho kilibaki macho, na uzito wa aliyetoka ukabaki humo. Akija mtoto ambaye hajapimwa, programu inauliza swali lake la siku zote, kisanduku kina kitu? Kina. Kina kilo mia na kumi. Basi haigomi. Aliyeijaribu kwa kuiwasha na kumweka mgonjwa mmoja, kisha kuizima, angeiona nzuri siku zote. Walioiona mbaya ni akina mama kwenye foleni, na wao wakadhani ni unene wa watu.

Lakini ya hospitalini ilikuwa imezibwa, na hii hapa haikuzibwa. Kuiziba hii kulitaka maelezo na saini ya mkuu, na sababu ya kuiziba.

"Leo umewapa watoto wangapi hii dawa?" aliuliza.

Tabibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Mmoja. Asubuhi. Mama yake alikuwa na haraka... nimempa chupa aende akampe nyumbani. Sikumpima, Afande. Namba ilitoka, nikaona nyepesi."

"Unapajua kwao?"

"Napajua."

"Sasa umekaa hapo unangoja nini? Kimbia!"

Alikimbia na koti jeupe, akiruka watu kwenye ngazi, na foleni ikamcheka kwa sababu hawakujua. Inspekta aliung'oa waya wa kompyuta ukutani kwa mkono wake. Tabibu alirudi shati limelowa, na chupa mkononi imejaa mpaka shingoni. Mama alikuwa bado anachemsha maji ya kuoshea kijiko. Tabibu akaiweka chupa mezani, mbele ya Inspekta.

Chumba cha mahojiano cha kituo kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Inspekta alimkalisha Sista upande wa ukuta, Upepo mbele yake, magoti yao yanakaribiana.

"Dada, umekula?"

"Nimekula."

"Nyamazeni," alisema Inspekta. Alitoa simu yake akaiweka katikati ya meza. "Upepo, umenidanganya kitu kidogo. Ulisema nje ya hospitali hakuna anayeitumia. Natoka zahanati ya ng'ambo."

"Niliisahau hiyo."

"Kusahau si kosa. Ngoja nikwambie walipofikia. Kuna baba mmoja mnene, mnene kweli, ametundikiwa dripu sasa hivi. Nyuma yake kuna mtoto wa miaka miwili, degedege limemkaba. Tabibu amejaza umri na dawa. Mizani yao mbovu, uzito ameuacha." Alivuta kiti, akakaa. "Mimi sijui kompyuta. Wewe umesema inagoma tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hatuna wasiwasi. Simu ya tabibu ni hiyo, ukibonyeza inaita. Mwenye la kumwambia amwambie."

Feni ya dari ilikuwa ikizunguka inalia kwa upande mmoja. Upepo alitazama simu. Alitazama mlango. Akatazama simu.

"Itagoma," alisema.

"Vizuri. Basi tukae."

Sista aliwatazama wote wawili. Hakujua lolote juu ya visanduku. Lakini huyu alimjua tangu hajaota meno.

"Mbona unatoka jasho?"

"Chumba kina joto, dada."

"Mbona hunitazami?"

"Dada, tulia."

"Mtoto amewekewa nini? Upepo! Mtoto anawekewa nini?"

Sista aliruka, akaikamata simu, akaigeuza juu chini, akaibonyeza, akaibana sikioni kwa mikono miwili. "Tabibu! Tabibu, usitundike! Mpime kwanza! Haloo!"

"Imezimwa," alisema Inspekta. "Na zahanati nimeizima tangu mchana. Hakuna mtoto."

Sista alibaki na simu sikioni.

"Nilitaka nimwone mmoja wenu tu. Dada yako hajui hata mashine inakosea vipi, kaikimbilia simu. Wewe unayejua umekaa umekunja mikono. Kama mtoto yule angekuwepo, saa hizi anawekwa shuka usoni."

Upepo alianza kulia, kilio cha mtu aliyeonewa. "Ni mstari mmoja tu, Afande. Mstari mmoja! Nilisahau kukifuta kisanduku. Kule zamani haukuhitajika, nani angekumbuka? Nilijaribu mgonjwa mmoja mmoja, kila mara naiwasha upya, ikawa inagoma vizuri. Mtu yeyote angesahau."

"Ulikifuta lini?"

"Jioni ile ile mtoto alipokufa."

"Dada yako alikamatwa lini?"

"Asubuhi yake."

"Kwa hiyo askari wanamfunga pingu, wewe umeshajua siye yeye."

Alijifuta uso. Kisha kitu kikamrudia usoni, akili yake ile ya haraka, na machozi yakakauka kama yamezimwa kwa swichi. "Sitasaini hayo. Kuyajua baadaye si kuua. Kabla mtoto hajafa mimi nilikuwa sijui, na hakuna mtu wa kusema nilijua. Kosa la bahati mbaya halina jela ndefu. Na aliyeacha kupima ni yeye."

"Hapo umesema kweli," alisema Inspekta, akamgeukia nesi. "Sista, nakuuliza swali moja, na sitalirudia. Ukilijibu vibaya, kesho unapanda kizimbani peke yako. Kabla ya mtoto huyu, mashine ilishawahi kukupa namba isiyokuwa yake?"

"Dada," alisema Upepo.

Sista aliirudisha simu mezani, akainyoosha iwe sawa na ukingo wa meza.

"Dada, mimi ni nani wako?"

"Ilishawahi," alisema Sista. "Bibi mmoja mwembamba, mifupa mitupu. Alikuja baada ya dereva mmoja mkubwa, na sikumjazia uzito. Namba ilikuja kubwa, nikaiona, nikaikataa, nikampima nikajaza upya. Siku ile nilikuwa sijachoka. Nikarudi nyumbani nikamkuta huyu anaosha vyombo. Nikamwambia, mdogo wangu, mashine yako imenipa namba ya mtu mwingine. Akasema nitaiangalia."

"Ulimwambia lini?"

"Kabla ya mtoto. Alikuwa bado anapokea pongezi."

"Unanifunga!" Upepo alipiga meza. "Unanifunga kwa mdomo wako, dada!"

"Kila asubuhi uliniletea chai humu ndani," alisema Sista. Hakupandisha sauti. "Unaniuliza nimelalaje."

"Nilikuwa natafuta njia ya kukutoa."

"Ulikuwa unakuja kuangalia kama nimeshakubali."

Inspekta alimwandikia maelezo, akamsomea, Sista akasaini. Kisha akauliza, "Afande, mimi natoka?"

"La kuua linaondoka. La uzembe linabaki, kwa sababu mtoto hukumpima. Nesi hutakuwa tena. Hilo usilitegemee."

"Sawa."

"Huniombi?"

"Nikuombe nini? Nilikuwa na macho."

Askari wa zamu aliingia kumchukua Upepo. Akamfunga pingu mikono nyuma, akamvua mkanda na kamba za viatu, kama wanavyovuliwa wote. Kijana alikuwa amekonda siku zile. Mkanda ulipotoka, suruali ikaanza kumshuka, na mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma. Sista aliinuka nusu, akanyoosha mkono amshikie, kama alivyokuwa akimvisha za shule. Mkono ulifika karibu. Halafu akaurudisha, akaukalia.

Askari akamtoa hivyo hivyo, anatembea amebana mapaja.

Ya kuepuka, kwa mwenye mtoto, na kwa mwenye mtoto anayetengeneza programu za kompyuta:

Usiache nafasi wazi ukitegemea mashine ikukumbushe.

Ukichukua kitu kilichokuwa kinakufa kila baada ya kazi ukakifanya kibaki macho, usidhani kimesahau. Futa kila kinachobaki.

Usijaribu mgonjwa mmoja ukasema umejaribu. Jaribu wa pili nyuma yake.

Usipokee makofi kabla hujamsikiliza anayeitumia.

Usiambiwe kosa ukiwa unaosha vyombo ukasema nitaangalia. Acha vyombo.

Usigawe nakala ya kazi yako ukasahau milango uliyoipeleka.

Usizibe tundu kimya kimya kwako ukaliacha kwa jirani.

Usiwacheke wanawake wa kwenye foleni.

Usikubali dripu kabla mwanao hajapandishwa kwenye mizani. Wakikuita msumbufu, sumbua.